Mashine Aliyoichagua Odero

Odero alikuwa mtu wa gata. Ndivyo walivyomjua Kitengela mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Mvua ya huko ni ya kubahatisha, na ikinyesha kila mwenye nyumba anataka iingie tangini hadi tone la mwisho. Lakini kabla ya kufika tangini maji hupita kwenye gata, ile mifereji ya bati iliyofungwa ukingoni mwa paa, na kiangazi kikiwa kirefu gata hujaa vumbi, majani ya migunga na mavi ya ndege. Asiyezisafisha huyanywa hayo yote. Odero aliigundua kazi hiyo baada ya kupunguzwa kwenye shamba la maua, alikokuwa karani kwa miaka saba.

Mwenzake alikuwa Nzau, jirani yake, mtu mpole asiyependa makelele, shemasi wa kanisa dogo la mabati nyuma ya soko. Odero alitafuta wateja na kupatana nao. Nzau alipanda ngazi na mwiko na ndoo. Walienda hivyo miaka miwili, mpaka asubuhi moja ya Machi 2002 ngazi ilipoteleza kwenye saruji iliyolowa na Nzau akaangukia nyonga. Alilala wiki sita. Aliposimama, mguu wa kulia ulikuwa ukiburuta kidogo.

"Ngazi hupandi tena," Odero alimwambia. "Kuna mashine za kunyonya uchafu. Unasimama chini, unainua bomba mpaka juu, kazi imeisha. Nitanunua."

"Utaijua ile nzuri?"

"Nzau, mimi nimekaa na mashine miaka saba."

Mashine aliyokaa nayo miaka saba ilikuwa ya kupiga chapa.

Kando ya barabara ya Namanga kulikuwa na duka la vyombo vya umeme vilivyokwisha kutumika: friji, pasi, majiko, redio. Mwenyewe alikuwa Istar, mama wa Kisomali wa makamo, mwenye miwani iliyofungwa uzi upande mmoja. Odero alimkuta peke yake, ameifungua pasi vipande vipande kwenye meza. Mashine za kunyonya zilikuwa mbili. Moja ilikuwa pipa la bati la kijivu lililobonyea ubavuni, lenye magurudumu na mpira mnene wa kunyonyea. Ya pili ilikuwa nyekundu, inang'aa, ina taa mbele na vidude sita vya kuchomeka.

"Ni ya kazi gani?" Istar aliuliza.

"Ya gata."

"Gata iko na maji?"

"Saa zingine."

"Basi chukua hii ya pipa. Hiyo nyekundu ni ya mazulia. Ndani iko na mfuko wa karatasi, na mota iko nyuma tu ya mfuko. Matope ikiingia, mota inakufa. Hii inanyonya maji na vumbi, na pipa ikijaa inaacha kuvuta yenyewe. Angalia na mpira." Aliingiza ngumi yake kwenye mdomo wa mpira. "Majani haiwezi kukwama hapa."

Kila alilosema lilikuwa na maana, na hilo ndilo lililomkera Odero. Alijiona kama mwanafunzi aliyeitwa ubaoni. Akajiambia kwamba mama huyu anatafuta tu wa kumbebesha kile kipipa chake kilichobonyea.

"Hii nyekundu imeandikwa wati elfu mbili," alisema. "Hiyo yako ni elfu moja na mia mbili. Mama, mimi najua mashine."

"Wati peke yake haitoshi, ndugu yangu."

"Nimesema nyekundu."

Istar alivua miwani, akamtazama, akaivaa tena. "Sawa. Lakini isiguse maji. Hiyo nimekuambia."

Siku za kwanza mashine ilienda vizuri kiasi. Gata zilikuwa kavu. Nzau aliunganisha mabomba ya plastiki, akayakunja ya juu yakawa kama shingo ya bata, akasimama chini akinyonya vumbi na kucheka peke yake. Majani yalikwama mara kwa mara kwenye ule mpira mwembamba, na ilibidi wayachokoe kwa waya. Odero alisema mashine yoyote mpya ina visirani vyake.

Mwezi wa kumi wakapata kazi kubwa Kajiado mjini, kwenye nyumba ya wageni ya mama aliyeitwa Mugure. Usiku wa kuamkia siku hiyo mvua ya kwanza ilinyesha. Walipofika, gata zilikuwa zimejaa uji mzito mweusi. Odero aliuona uji huo. Maneno ya Istar yalimjia waziwazi kama anayesemeshwa sikioni. Mama Mugure alikuwa amesimama barazani, mikono kiunoni, akingojea kuiona hiyo mashine iliyosifiwa.

"Washa," Odero alisema.

Mashine ilinguruma, ikakohoa, ikatoa harufu ya mpira unaoungua. Moshi ukatoka palepale penye taa, kisha kukasikika mlio kama wa kofi na nyumba nzima ikazimika umeme. Wageni wakaanza kutoka vyumbani.

"Ni nini hiyo?" Mama Mugure alifoka. Nzau naye alimgeukia Odero, bomba bado liko juu, matone meusi yakimdondokea begani.

Neno likatoka. Odero hakulitafuta.

"Yule Msomali ameniuzia takataka. Aliniapia kabisa eti inanyonya maji."

Angelisema hilo juu ya Nzau, wangeshangaa. Angelisema juu ya mtu wa kwao, wangemuuliza maswali. Lakini Mama Mugure alitikisa kichwa tu na kusema, "Hao mimi siwaaminigi," na jambo likaisha hapo. Odero alijua, hata wakati anasema, kwamba halingehitaji ushahidi. Ndiyo maana lilikuwa rahisi.

Nzau aliliteremsha bomba. Aliomba ngazi ya pale nyumbani, akaiegemeza ukutani, akapanda na ndoo yake. Odero alishika ngazi chini mchana kutwa. Kila alipoinua macho aliona kisigino cha kulia cha Nzau kikitetemeka juu ya kijiti cha ngazi.

Jumamosi Nzau, ambaye hakuwahi kugombana na mtu, alienda mwenyewe dukani kwa Istar na kumwita mwizi mbele ya wateja. Alirudi bado anahema.

"Ananiambia nikuite, urudie hayo maneno mbele yake. Twende sasa hivi."

"Wacha tu, Nzau. Tumwachie Mungu."

"Kwa nini tuache? Haki ni yako."

Odero akasema ana homa. Juma lililofuata akasema ana safari. Akaanza kupita njia ya nyuma ili asilikaribie lile duka. Lakini maneno yalitembea bila yeye. Mama Mugure aliyapeleka kwenye chama chake cha akina mama. Mwalimu mmoja akarudisha dukani kwa Istar pasi isiyo na hitilafu yoyote. Jioni moja mke wake, Caren, aliingia na mboga, akaziweka chini, akasema, "Kuna mtu ameandika matusi kwa makaa kwenye mlango wa yule mama wa vyombo. Eti warudi kwao. Baba Cindy, ni kweli alikudanganya?"

"Si nilikuambia?"

Ugali wa jioni hiyo aliuacha nusu sahanini.

Kesho yake alijilazimisha kupita barabara ya mbele. Istar alikuwa ameinama mlangoni na beseni la maji ya sabuni, anasugua. Makaa yalikuwa hayatoki, yalitandaa tu na kuufanya mlango wote kuwa wa kijivu. Wapita njia walitazama wakaendelea na safari zao. Odero alisimama ng'ambo ya barabara, uso ukimchoma, akashindwa kuvuka. Akaenda moja kwa moja kwa Nzau.

Alimwambia yote, hata ile ngumi ndani ya mpira. Nzau alisikiliza bila kumkatiza.

"Kwa hivyo nilimtukana mama wa watu bure," alisema mwishowe.

"Ndiyo."

"Na ngazi nilipanda bure."

Odero angependa Nzau apige kelele. Nzau alichukua koti lake tu, akasema, "Twende."

Dukani Nzau aliomba msamaha kwanza, akilia, na Istar akamshika mkono akamwambia yamekwisha. Kisha akamgeukia Odero, naye Odero akasema yake, macho kwenye sakafu.

"Uongo ulisema mbele ya watu," Istar alisema. "Kweli unaniletea mimi peke yangu, na mlango umefungwa? Mimi nilikuwa najua kweli tangu zamani. Peleka kwa wale hawajui."

Odero alienda. Kule Kajiado aliwakuta akina mama wa chama wameketi na chai, akasimama katikati yao na kusema kwamba alionywa na hakusikia, na kwamba alimsingizia mwanamke aliyemwambia ukweli. Mama Mugure alizungusha kikombe chake. Pengine alikuwa akikumbuka alichosema yeye. Kisha akasema, "Gata zangu usiguse tena." Odero alirudi Kitengela, akamwambia yule mwalimu wa pasi, akawaambia wenye maduka jirani mmoja mmoja. Wengine walimcheka. Caren alikuwa wa mwisho kuambiwa, na kwa siku tatu hakumwandalia maji ya kuoga.

Lile pipa la kijivu lilikuwa limeshanunuliwa na watu wa kuosha magari. Odero alingoja hadi Februari, Istar alipopata jingine. Safari hii hakuuliza wati. Istar alijaza beseni matope na majani, akamkabidhi mpira, akasema, "Jaribu mwenyewe kwanza." Matope yote yakaingia, na pipa lilipojaa likaacha kuvuta, kama alivyokuwa amesema mwaka uliotangulia. Nzau alifanya kazi na mashine hiyo miaka mingi, miguu yote miwili chini.

Wateja wa Istar walirudi, ingawa si wote. Mwaka wa 2006 alihamia Namanga. Odero alisikia, akaenda kusaidia kupakia. Alibeba friji na majiko kutwa nzima mpaka lori likajaa. Istar akapita akiwashukuru wapakiaji, na alipomfikia Odero akampa mkono na kumwambia ahsante, vilevile alivyowaambia wale wengine, wala si zaidi. Odero alibaki kando ya barabara mpaka lori lilipokata kona. Alijua kwamba alichopewa ndicho alichostahili.