Mijusi Watatu Wenye Mkia Mwekundu

Mume wangu, Dismas Barasa, alifanya kazi katika ghala la ngozi mjini Thika tangu mwaka wa 1946. Kama ungetaka kumjua upesi, ungempa ngozi kavu ya ng'ombe. Angeipapasa, angeinusa, kisha akuambie kama ng'ombe huyo alikuwa wa nyika au wa shamba, na kama alichinjwa kiangazi au wakati wa mvua. Mungu alimpa vidole vya namna hiyo. Shule alisoma miaka minne tu, lakini mwandiko wake ulikuwa safi, na hiyo ndiyo sababu Memsahib Pell alimtaka.

Memsahib huyo alikuwa mama mzee wa Kizungu asiyeolewa, akiishi kwenye shamba la kahawa la kaka yake huko Ruiru. Wenzake walikusanya stempu, yeye alikusanya mijusi. Aliwatia kwenye chupa za spiriti, akawapanga kila mmoja na jamii yake. Aliowatamani zaidi ni wale wa jangwani, lakini miguu yake haikumruhusu tena kufika huko. Basi malori ya ngozi yalikuja ghalani kila wiki kutoka Garissa, nchi ya jangwa, na ndani ya mikunjo ya ngozi mijusi hujificha. Dismas aliwakamata ngozi zikifunguliwa, na Jumamosi akapanda treni kwenda Ruiru na kopo lake.

Huko alifundishwa kazi. Kila mjusi alifungwa kikaratasi kwa uzi kwenye mguu wa nyuma. Juu yake kuliandikwa namba, tarehe na mahali, tena kwa penseli, maana wino huyeyuka kwenye spiriti. Akafundishwa kuhesabu kwa kioo cha kukuza vile vitundu vilivyopangana chini ya paja, kama vimetobolewa na sindano. Memsahib alimwambia rangi hudanganya, vitundu havidanganyi.

Mwaka wa 1956 Memsahib aliomba mmoja aliye hai. Dismas akapata jike nene, rangi ya mchanga, mkia mrefu kuliko mwili. Tulimweka kwenye sanduku la mchanga uliofagiwa kutoka kwenye lori. Alikaa kwetu siku tisa, kwa sababu Jumamosi ya kwanza askari walizuia watu kusafiri. Ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari, wakati wa Mau Mau. Alipopelekwa, mchanga niliumwaga nyuma ya jiko langu, pale ukutani penye joto, nikausahau.

Miezi mitatu hivi ikapita. Siku moja nikichagua maharagwe, mijusi wadogo watatu wakatoka kwenye ule mchanga. Walikuwa weusi, wana mistari myeupe mgongoni, na mkia mwekundu kama pilipili. Hawakufanana hata kidogo na yule jike. Dismas aliwanasa kwa kofia yake.

"Hawa walikuja na mchanga wa lori," alisema, na kwenye vikaratasi akaandika Garissa.

"Lakini umewashika hapa kwetu."

"Mama Absalom, kipande changu, hiki kitambulisho cha serikali, kimeandikwa nini? Kimilili, nilikozaliwa. Nimekaa Thika miaka kumi, na hakuna aliyeniandika wa Thika. Kila mtu huandikwa kwao."

Nikaona ana haki. Hata makaburini tunaulizana marehemu alikuwa wa wapi, hatuulizi alifia wapi.

Jumamosi hiyo alirudi kutoka Ruiru akitembea kama bwana arusi. Memsahib alikuwa amefungua vitabu vyake vyote na hakuwakuta. Alisema ni jamii mpya ambayo haijaandikwa na mtu. Angepeleka barua Ulaya kwa wakubwa wa mambo hayo, na jina la mjusi lingetokana na jina la Dismas, kwa sababu ndiye aliyewapata.

"Jina langu, ndani ya kitabu," aliniambia. Alikaa kitandani na viatu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Hakuweza kunyamaza. Jumapili baada ya ibada alimweleza katekista wetu, Mzee Munyao, na Mzee Munyao akaeleza kanisa zima.

"Mpisheni Bwana Mjusi," alisema mlangoni. "Msimkanyage mkia."

Dismas alicheka kuliko wote. Nilimtazama nikamshukuru Mungu, maana ni mtu aliyebeba ngozi zisizo zake mgongoni miaka yote na hakuna aliyejua jina lake ila karani wa ghala.

Alhamisi nilichota mchanga ule nisugulie sufuria. Mkono wangu ukagusa vitu laini kama karatasi iliyoloa. Vilikuwa maganda ya mayai, madogo kama punje za maharagwe, yamepasuka upande mmoja. Yalikuwa matatu.

Nilikaa chini. Nilijua maana yake, nami nilijua pia kwamba jivu la jiko lingeyafunika na hakuna ambaye angeuliza. Niliomba kidogo. Kisha nikayatia ndani ya kiberiti, na Dismas alipomaliza uji wake wa jioni nikakiweka mbele yake.

Alikifungua. Akayagusa maganda kwa kidole, moja moja.

"Ni watoto wa yule jike," alisema.

"Naona hivyo, Baba Absalom."

"Ungeweza kuyatupa."

"Ningeweza."

"Mbona hukuyatupa?"

"Ningekutazamaje wakati wa sala?"

Alifunga kiberiti. "Barua inaondoka Jumatatu," alisema.

Jumamosi alinyoa ndevu na kwenda. Haya yaliyofuata alinisimulia mwenyewe. Barua ilikuwa mezani, imeshafungwa. Aliweka kiberiti juu yake, akaeleza mambo ya sanduku, mchanga na jiko. Memsahib aliinuka. Alileta kioo cha kukuza, yule jike na wale watatu, na kwa kuwa macho yake yalikuwa hafifu, akamwambia Dismas ahesabu vitundu vya paja. Yule jike alikuwa na kumi na vinne kila paja. Wa kwanza mwenye mkia mwekundu, kumi na vinne. Wa pili, hivyo hivyo. Wa tatu hakumhesabu.

"Mimi nilikufundisha rangi hudanganya," Memsahib alisema, "halafu nikadanganyika." Akachana barua. Kisha akauliza, "Na hawa wengine wote wa Garissa, uliwashika Garissa?"

"Hapana, Memsahib. Thika, ghalani. Lakini kwao ni Garissa."

Hapo ndipo mama yule aliposhika kichwa, maana kikaratasi hutaka mahali mjusi aliposhikwa, na hapo ndipo alipocheka mpaka mpishi akaja kuchungulia.

Walikuwa na chupa sitini na mbili za kusahihisha. Ilichukua Jumamosi saba, na Dismas aliniambia hakuna kazi aliyoipenda kama ile, kukaa kwenye kiti mbele ya dirisha, kufungua uzi na kuandika upya: mahali aliposhikwa juu, mahali alipotoka chini. Kwa wale watatu Memsahib alimsomea herufi kwa herufi: Thika, nyuma ya jiko la mke wa D. Barasa.

Jumapili ya kwanza, kesho yake ile siku ya kiberiti, Mzee Munyao alimngoja mlangoni mwa kanisa.

"Bwana Mjusi, jamii yako mpya imefika Ulaya?"

"Haikufika, Mzee," Dismas alisema. "Imepata mama yake."

Akavua kofia, tukaingia.