Yumo Mwenye Macho Mekundu

Moshi wa mavi makavu ya ng'ombe hauna adabu. Moshi wa kuni huzunguka kwanza, hutafuta dirisha, huaga. Huu hukujia usoni moja kwa moja kama mlevi anayekujua jina. Juzi nilikuwa Samuye kununua choroko, nimekaa kwenye kigoda jikoni kwa mama mmoja, tunavutana bei, naye anachochea chungu cha michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, kwa mavi kwa sababu kuni huko siku hizi ni za kutafuta kwa tochi. Nilikuwa nimeshamshusha mahali pazuri. Mara upepo ukageuka, moshi ukaniingia, machozi yakanimwagika, na yule mama akadhani nalia kwa ajili ya bei. Akapunguza tena. Sikumsahihisha, biashara ni biashara. Lakini ninyi nitawaambia ukweli: nilikuwa nimemwona Guku.

Guku kwa Kisukuma ni bibi. Wangu aliitwa Minza, mama mzazi wa Baba, na macho yake yalikuwa mekundu kama tikiti lililopasuliwa. Alipika kwa mavi tangu hajaota matiti, ndani ya nyumba isiyo na dirisha, na moshi ule ulikuwa umemlipa kwa namna yake. Bibi wa kila mtu alikuwa na macho hayo. Lakini kwetu kulikuwa na watu wenye elimu yao, na elimu hiyo ilisema kwamba bibi kizee mwenye macho mekundu ni mchawi. Waliosema hivyo walikuwa wameshiba kwa macho hayo hayo maisha yao yote.

Zamani tulipoishi kila kaya peke yake, katikati ya mashamba yake, mtu aliweza kuwa na macho mekundu kwa amani. Kisha tukaambiwa tuhamie kijijini. Tukapangwa kwenye mistari, mlango kwa mlango, na watu tusiowajua hata ng'ombe wao. Jirani yetu akawa Mama Shija. Tangu hapo macho ya Guku yakawa na watazamaji.

Kanisa letu lilikuwa la udongo, limeezekwa nyasi, na mabenchi yake yalikuwa magogo. Mwinjilisti Zakayo aliletwa kwetu kutoka kusini, mtu mrefu mwenye sauti kubwa kuliko jengo. Kisukuma hakukijua hata cha kuombea maji ya kunywa. Ikabidi apewe mkalimani, na mkalimani akawa Baba, kwa sababu Baba alikuwa dalali wa ng'ombe mnadani na Kiswahili kilikuwa ndicho chombo chake cha kazi. Dalali husimama katikati ya watu wawili wasioaminiana, akamwambia kila mmoja maneno yatakayomfikisha mahali. Nami kazi hiyo nimeirithi, ingawa miguu ya ng'ombe imenishinda. Nimebaki na nafaka.

Mahubiri ya Mwinjilisti yalikuwa na kila kitu. Yalikuwa na pombe, tumbaku, hirizi, ngoma za mavuno, na sketi fupi, ambazo kijijini kwetu hakuna aliyewahi kuziona lakini zilikatazwa kila Jumapili. Mimi nilikuwa darasa la tatu, Kiswahili cha shule kimeanza kunikaa kichwani, kwa hiyo nilisikia mbele na nyuma. Mwinjilisti alinguruma kwa Kiswahili, "Mlevi hataiona mbingu!" Baba akatugeukia, akasema taratibu kwa Kisukuma, "Yesu alikaa meza moja na walevi, wala hakuhama." Mwinjilisti akapiga meza, "Chomeni hirizi zenu!" Baba naye akapiga meza, maana ishara hazitaki kupishana, akasema, "Yesu amekwisha kufa kwa ajili yako. Hiyo hirizi sasa inakukinga na nini?"

Nikadhani ndivyo lugha zilivyo. Kwamba Kiswahili ni ganda, na Kisukuma ndiyo karanga yenyewe.

Waliokuwa na Kiswahili cha kutosha kumshika Baba walikuwa wachache, na wote hao ng'ombe wao waliuzwa naye vizuri. Walitazama paa. Mama ndiye aliyemwuliza siku moja, tukiwa tunarudi nyumbani. "Baba Kabula, hivi yale ndiyo aliyoyasema?"

"Mama Kabula," Baba alijibu, "mtu kanituma nikauze ng'ombe. Nifike mnadani, niuze kamba?"



Guku hakuwa mtu wa kanisa. Alikuwa na mambo yake na mizimu yake, na alikuja Jumapili ya kwanza kumtazama mwanawe akipiga meza. Akarudi ya pili. Kisha akawa anakaa kwenye gogo la mbele, tumbaku yake kwenye pindo la khanga, anamsikiliza huyo Yesu wa Baba kama anayesikiliza habari za mtoto wa jirani aliyefanikiwa mbali. Nyumbani akaanza mazoea mapya. Akisonga ugali, wa kwanza kumegewa ni yule aliyemtukana asubuhi. "Yesu angempa," alisema, na akampa, kisha akamtukana kidogo ili asizoee.

Mwaka huo surua iliingia. Ikamchukua mtoto wa mwisho wa Mama Shija, mvulana aliyekuwa ameanza kusimama. Matanga yalipokwisha na watu kuondoka, Guku alimkorogea yule mama uji wa mtama, akaubeba mwenyewe na kata ya kunywea juu yake, akampelekea mlangoni. Nilimfuata kwa nyuma. Mama Shija aliupokea kwa mikono miwili, akashukuru, akaingia ndani, akatokea mlango wa uani na kuumwagia kuku. Kuku waliunywa wote. Nilikwenda kuwahesabu jioni, na kesho yake nikawahesabu tena: hakuna aliyekufa. Mama Shija hakuwahesabu.

Neno likatembea. Likamfikia Mwinjilisti, naye akagundua jambo ambalo kila mchuuzi hulijua, kwamba kuna bidhaa ikitajwa tu watu wanageuza shingo. Alipotaja pombe walisinzia. Alipotaja wachawi walikaa sawa. Akaanza kuwataja zaidi. Baba akawa anatoka kanisani shati limelowa mgongoni kama aliyepakia magunia.

Jumapili moja Mwinjilisti akafika mwisho wa njia yake. Aliacha meza, akaja mbele, akaweka vidole viwili chini ya macho yake mwenyewe, akayavuta mpaka tukaona nyama ya ndani. Akapaza sauti, "Macho mekundu! Mtawatambua kwa macho mekundu!"

Sasa hapo ishara ilikuwa imeshatolewa. Kila mtu ameiona. Baba hakuwa na pa kupitia. Kisha naye akaweka vidole viwili chini ya macho yake, akayavuta, akasema kwa Kisukuma, kwa sauti ambayo sijaisikia tena kwa mtu yeyote:

"Yesu alifika kwenye kaburi la rafiki yake, akalia. Akalia mpaka macho yake yakawa mekundu. Ukimtafuta leo, mtafute kwa waliolia. Mtamtambua kwa macho yake."

Mama Shija akajifunika uso kwa khanga, mabega yakaanza kumtikisika, na wanawake wengine wakafuata mmoja mmoja. Mwinjilisti aliyaona machozi hayo, akafurahi sana kuona kwamba neno lake limewachoma.

Guku hakulia. Alifika nyumbani, akapiga magoti kwenye mafiga, akapuliza moto, moshi ukampiga, akacheka. "Kumbe naye ana macho haya!" akaniambia. "Kabula, hivi huyo amepika jikoni kwa nani?"

Sasa alikuwepo kijana Maduhu. Amemaliza shule, amekaa Mwadui kwa shemeji yake akitafuta kazi mgodini, ameikosa, amerudi na kalamu mbili mfukoni mwa shati. Maduhu hakuwa mtu mbaya. Alipenda usahihi tu, kama wengine wanavyopenda nyama. Jumapili hiyo ya macho alikuwepo kanisani, na siku hiyo hiyo akamweleza Mwinjilisti, kwa nia njema na kwa Kiswahili fasaha, kile ambacho mkalimani wake alikuwa anakifanya.

Jumapili iliyofuata Baba alipoinuka kwenda mezani, Mwinjilisti alimzuia kwa kiganja. "Leo pumzika, mzee." Akamwita Maduhu. Baba akarudi kukaa kati yangu na Mama, na mara hiyo nikausikia mkono wake ukiutafuta wangu, jambo ambalo hakuwa na mazoea nalo.

Mwinjilisti hakuzunguka. Akavuta macho yake chini kama Jumapili iliyopita, akasema, "Leo, humu ndani, yumo mwenye macho mekundu!" Akanyamaza kumpisha mkalimani.

Maduhu akavuta macho yake, akatafsiri neno kwa neno. "Leo, humu ndani, yumo mwenye macho mekundu."

Guku akasimama.

Mpaka leo nikifumba macho naiona khanga yake ikianguka begani kwa haraka ya kusimama. Uso wake wote uling'aa. Alikuwa kama mtu aliyesikia gari limefika na mgeni wake yumo ndani. "Yumo!" alisema kwa nguvu. "Kweli yumo! Mimi namjua! Yuko kwangu, jikoni kwangu, kila siku niko naye!"



"Anasema nini huyo?" Mwinjilisti aliuliza.

Maduhu akatafuta neno lililo sahihi. Akalipata. "Anakiri," alisema.

"Haleluya," akasema Mwinjilisti.

Baba aliruka juu. "Hakiri chochote! Anamsema Yesu! Jamani, anamsema Yesu, mimi ndiye niliyemwambia—" Alikuwa anasema Kiswahili kwa wasiojua Kiswahili, kisha akageukia Kisukuma, kisha akachanganya vyote, na mtu aliyeheshimika kwa ulimi mnadani kote akawa anababaika kama mtoto aliyevunja chungu. "Kaa chini, dalali," akaambiwa kutoka nyuma. "Umeshatuuzia vya kutosha." Watu wakacheka. Guku naye akacheka, kwa kuwa wenzake wanacheka, akakaa, akaokota khanga yake.

Baba alitaka kumtorosha aende kwa ndugu zetu upande wa Geita. Guku akakataa katakata. Ataondokaje, naye kwa mara ya kwanza ameshuhudia kanisani, na watu wamemsikiliza? Baba akasema atamwambia ukweli kesho. Kesho akashindwa. Nani angeuvunja uso ule?

Jumatano mchana alikwenda malishoni kuokota mavi ya kupikia. Walimkuta kando ya tenga lake. Panga lilikuwa limepita mara moja tu. Panga hilo nitaliweka hapo, sina haja ya kuwaonyesha zaidi. Tenga lilikuwa limejaa na limesimama wima, maana yake aliyefanya alimsubiri amalize kazi. Jua lilikuwa kichwani, na kijiji kizima, kilipoulizwa, kilikuwa shambani. Hata wasio na mashamba walikuwa shambani.

Tulimzika. Wote walikuja, na Mama Shija alileta unga. Maduhu hakuonekana, alikuwa amerudi Mwadui kwa shemeji yake. Mwinjilisti akasimama kaburini, akatazama kushoto na kulia akitafuta mkalimani, na Baba, mikono yake bado ina udongo, akaenda kusimama ubavuni pake.

Mwinjilisti hakuwa na sauti siku hiyo. Nadhani aliogopa. Akasema tuache ushirikina. Akasema tudumishe usafi. Akasema ngoma si nzuri, na kwamba sadaka ya mavuno isicheleweshwe. Na Baba akatafsiri. Sentensi baada ya sentensi, akatafsiri neno kwa neno, hakuongeza wala hakupunguza, hata "sadaka ya mavuno isicheleweshwe" aliisema kama ilivyo, juu ya mama yake.

Watu wakaanza kutazamana. Mzee mmoja, aliyekuwa haendi kanisani ila kwa ajili ya sauti ya Baba, akauliza, "Na Yesu je? Leo hayumo?"

"Sijasikia akitajwa," Baba akajibu. "Mimi natafsiri tu."

Nilidhani amechoka. Mtoto akimwona mkubwa amekauka hudhani amechoka. Ilinichukua miaka kujua kwamba alikuwa anawaadhibu, kwamba aliwapa mahubiri yao kama walivyoyataka, na kwamba hayo ndiyo yaliyokuwa yakisemwa kwa Kiswahili Jumapili zote zile. Ng'ombe alikuwa wa Baba. Mwinjilisti alileta kamba. Na ilinichukua miaka zaidi kujua kwa nini hakutafsiri tena popote, hata tulipohamia Nyarugusu na wachimbaji wa dhahabu wakamwomba. Alijua ni neno la nani lililomsimamisha mama yake.

Siku hizi nasali mjini, kanisa la vipaza sauti. Mhubiri akianza, nahesabu ni mara ngapi anamtaja Yesu kabla hajafika kwa maadui zetu. Nahesabu tena, labda nimekosea. Mara nyingi sijakosea.

Turudi jikoni kwa yule mama wa Samuye. Nilipojifuta machozi nikamwona anachochea, moshi umemzunguka, naye ananitazama kwa macho mekundu kama tikiti. Nikamrudishia bei yake ya kwanza. Hakuelewa.

"Mbona unaniangalia hivyo, dada?"

"Nimekufananisha."

"Na nani?"

"Na Yesu," nikamwambia.

Akacheka mpaka akashika mbavu, akidhani bado tunavutana bei, akasema hata nimtaje nani, hapo alipofika hashuki tena.