Mfuaji wa Blanketi Nusu Nusu, na Lile Alilotakiwa Kuliacha Chafu

Saa kumi na moja alfajiri taa inawaka, stima imerudi baada ya kupotea tangu jana mchana, na Dinah Wabwile anatoka kitandani bila kutafuta viatu. Mjini Kitale, mwezi huu wa Julai 2008, stima ni mgeni asiyebisha hodi wala kuaga. Ukichelewa kumkaribisha, ameshaenda zake.

Katika chumba cha mbele cha nyumba yake ya mabati, nyuma ya soko, mashine ndogo ya kufulia imepandishwa juu ya matofali. Ina matangi mawili, moja la kufua na jingine la kukamua, na hata ukiyaunganisha hayamtoshi mbuzi. Dinah anachota maji kwenye pipa, anamimina, anatupia sabuni ya unga. Kisha analiinua blanketi la watu wawili aliloliloweka tangu jana, na hapo ndipo mtu asiyemzoea anapojiuliza kama mama huyu ana akili timamu.

Haliingizi lote. Anaingiza nusu. Nusu ya pili inakaa kwenye karai juu ya kigoda ikisubiri zamu, naye ameishika kwa mikono miwili isije ikavutwa ndani. Mashine inanguruma na kutikisika hadi vikombe vya kabatini vinagongana. Baada ya muda anaizima, anavuta nusu iliyofuliwa, anaingiza iliyobaki.

"Ukiweka yote, mota inaungua. Mimi nilishaichoma mara moja," anasema bila kuondoa macho kwenye maji. "Blanketi ikikunywa maji inakuwa mzito kama mtu. Sasa unaipeleka polepole, nusu nusu, kama unaosha mgonjwa."

Kwa mikono hiyo Dinah, mwenye umri wa miaka thelathini na minane, amewalisha watoto wawili. Na kwa mikono hiyo hiyo amejitia msibani wiki hii.

Jumamosi, wakwe zake wa Kimilili wanamzika mume wake, Wabwile, ambaye maiti yake haijawahi kuonekana. Walimwomba alete kitu kimoja tu: blanketi la mume wake, likiwa halijafuliwa. Jumatatu Dinah alilifua.

Wabwile alikuwa mchuuzi wa maharagwe. Mwaka 2003 alivuka mpaka pale Suam kwenda kununua mzigo upande wa Uganda, kama alivyofanya kila msimu, na hakurudi. Dinah alimtafuta vituoni, hospitalini na katika vyumba vya maiti pande zote mbili za mpaka. Alifunuliwa nyuso za wanaume wa watu wengine mpaka akaanza kuziota.

"Nilikuwa naomba Mungu nisimuone, halafu tena naomba nimuone," anasema. "Sasa hiyo ni maombi gani?"

Pesa zilipokwisha alianza kufua nguo nyumba kwa nyumba. Mmoja wa waliompa kazi ni Tejinder, mama wa makamo ambaye familia yake ina duka la vifaa vya ujenzi mjini. Vidole vya Dinah vilipopasuka kwa sabuni na baridi ya Kitale, Tejinder alimwachia mashine yake ya zamani alipe bei yake kidogo kidogo kwa kazi.

"Nilimwambia, Dinah, hii ni ya soksi na shati," anakumbuka Tejinder, akicheka kidogo nyuma ya kaunta. "Mwezi moja baadaye nakuta ameweka pazia ya kanisa ndani. Nikasema basi, huyu ataua mashine ama mashine itamuua yeye."

Dinah alikuwa ameona kile ambacho wengi hawakukiona. Nguo ndogo kila mtu anajifulia. Kinachowashinda watu ni blanketi, duveti na mapazia mazito, hasa wazee na wanawake wenye watoto wachanga. Alijifunza kushona duveti kwa uzi mrefu kabla ya kulifua, pamba isikimbilie pembe moja. Alijifunza kwamba blanketi zito halikamuliwi na mashine. Huwa anamwita jirani yake, Chepkemoi, wanalizungusha kwenye mti wa kuanikia, kila mmoja akivuta upande wake. Anatoza shilingi mia moja kwa blanketi. Siku yenye stima anafua matano au sita, na siku isiyo na stima anakaa mlangoni akiitazama waya.

Miaka yote hiyo blanketi moja halikuguswa. Lilikuwa la kijivu, lenye mistari ya buluu, na Wabwile ndilo alilojifunika usiku wa mwisho. Dinah alilikunja, akalitia kwenye gunia, akaliweka juu ya kabati.

Wakwe zake walikuja mara tatu kuliomba. Kwao, mtu aliyepotea asiporudi hata mwili, huzikwa shina la mgomba badala yake. Shina hilo hulazwa kaburini limefungwa katika nguo iliyobeba jasho la mwenyewe. Bila jasho lake, wanasema wazee wa ukoo huo, umezika mgomba tu.

Mara zote tatu Dinah alikataa. Alihisi kwamba akilitoa blanketi, atakuwa ndiye aliyemuua.

Mwaka huu hakuweza kukataa tena. Mwanawe Ian anatarajiwa kutahiriwa Agosti pamoja na rika lake, na wazee wamesema hawezi kwenda jandoni akitokea boma ambalo baba yake hajulikani kama yuko au hayuko. Dinah alilia siku mbili, kisha akalishusha gunia na kuliweka karibu na mlango, asije akalisahau siku ya safari.

Hapo ndipo alipokosea. Jumapili jioni lojingi moja ya mjini, ya kulaza wasafiri, ilimletea mablanketi yake, nayo yalikuwa kwenye magunia. Yakawekwa hapo hapo mlangoni. Jumatatu stima ilirudi alfajiri baada ya kukosekana mwisho wote wa juma. Dinah akafanya kama anavyofanya kila siku. Alimwaga kila kilichokuwa ndani ya magunia kwenye pipa la kulowekea, akayakanyaga mablanketi kwa miguu, akaanza kazi.

Alikuwa amefua nusu ya kwanza ya blanketi la nne alipoligeuza na mkono wake ukapita mahali penye kiraka. Alikishona mwenyewe, kwa uzi mwekundu, mwaka ambao Wabwile alilala karibu mno na jiko.

"Nilijua na vidole kabla macho haijaona," anasema. "Maji ilikuwa nyeusi. Nikaangalia hiyo maji, nikasema, Baba Ian, ni mimi."

Shemeji yake, Kevin, alipopigiwa simu hakutaka kusikia habari za magunia. Wala mwandishi huyu hawezi kumlaumu sana. Mtu aliyekunyima kitu mara tatu, akikuambia mara ya nne kwamba amekiharibu kwa bahati mbaya, utamwamini?

"Ati alisahau? Mtu anasahau blanketi ya bwana yake?" Kevin aliuliza tulipompata kwa simu, akirudia aliyomwambia Dinah. "Shemeji hataki ndugu yetu azikwe, bana. Angesema tu. Tumeshaita watu, kaburi imeshaonyeshwa mahali, sasa tutaweka nini ndani? Omo?"

Tuhuma hiyo kwamba alifanya kusudi ilimchoma Dinah kuliko matusi, kwa sababu yeye mwenyewe hana uhakika. Usiku anajihoji kama kweli mikono haikujua ilichokuwa ikifanya. Anasema angalau mwizi anajua ameiba.

Jumatano, mama mkwe wake, Wilkista, alifika kutoka Kimilili bila kutoa taarifa. Ni mwanamke mfupi, mkavu wa maneno, ambaye kwa miaka mitano hajawahi kumwambia Dinah pole. Chepkemoi, aliyekuwapo, anasema alidhani patachimbika.

Wilkista aliliomba blanketi. Alilishika, akaliingiza uso wake ndani, akavuta pumzi. Alirudia upande wa pili, na pembe zote. Kisha akalikunja vizuri na kuliweka mapajani.

"Inanukia sabuni," alisema.

"Ndio, mama."

"Yeye hayuko hapa."

"Hayuko, mama. Nimemfua. Nisamehe."

Mama mkwe hakusema amesamehe. Alikaa akilipapasa blanketi, na Chepkemoi anasema machozi yalimtoka bila uso wake kubadilika. Halafu akauliza swali ambalo hakuna aliyelitarajia.

"Hiyo maji ulimwaga wapi?"

Dinah alijibu kwamba aliyamwaga anakomwaga yote, nyuma ya nyumba, kwenye migomba. Ipo miwili tu, imedumaa, majani yamekauka pembeni kwa sababu ya sabuni. Haijawahi kuzaa ndizi ya kuuzika.

Wilkista aliinuka akaenda kuitazama. Aliizunguka, akaushika udongo chini ya mmoja, ambao ulikuwa bado na unyevu.

"Si tulikuwa tunatafuta mgomba?" alisema. "Kevin alikuwa ametaka kukata huko kwa jirani. Kata hii. Hii ndiyo imekunywa jasho yake."

Dinah anasema hapo ndipo alipolia, kwa mara ya kwanza, kama mjane. Alilia akiwa ameshika mgomba, na mama mkwe wake alisimama kando yake mpaka akamaliza.

Kevin amekubali, ingawa kwa shingo upande. Mgomba utakatwa kesho, Ijumaa jioni, na kufungwa katika blanketi hilo safi. Mahali pa kaburi ni pale pale palipoonyeshwa. Ian atatahiriwa Agosti na wenzake.

Nje kunapambazuka. Dinah anazima mashine, anamwita Chepkemoi, na wanawake hao wawili wanalizungusha blanketi la lojingi kwenye mti mpaka maji ya mwisho yanadondoka. Anasema akirudi Jumatatu atanunua mashine nyingine pole pole, kubwa kidogo, ili asiendelee kufua vitu nusu nusu. Lakini kwanza ni safari ya Kimilili, na jana jioni alienda stendi kuipanga na utingo wa gari.

"Makanga akaniambia mgomba ni mzigo, itaenda juu na magunia," anasema, akijifuta mikono. "Nikamwambia hapana. Huyo anakaa ndani, kiti ya dirishani, karibu na mimi. Nitamlipia nauli ya mtu mzima."