Herufi Mbili Ukurasa wa Kumi na Saba

Mwalimu aliyesimamia tasnifu yangu ya fizikia alikuwa na sheria moja: hesabu husomwa kwa sauti, kidole kwenye karatasi. Tulikuwa tunahesabu mtikisiko wa chembe iliyo kama imefungwa kwa springi, katika ulimwengu ambamo x mara y si sawa na y mara x. Majirani zangu wa mtaa wa Kimbo niliwaeleza kwa ugali: ukitia unga kabla maji hayajachemka, vitu ni vilevile, ila utakula uji.

Jibu langu lilipendeza. Ngazi mbili za nishati zilizokuwa kwenye kimo kimoja zilibaki pamoja, na nikiifanya ile tofauti kati ya x mara y na y mara x kuwa sifuri, jibu la kawaida lilirudi. Mwalimu akatia sahihi.

Siku tatu kabla ya kuitetea tasnifu, aliniita kwake Witeithie. Nilimkuta sebuleni, kidole kwenye ukurasa wa kumi na saba.

"Haiya! Hapa umegeuza x na y."

Nikaona. Mazoea ya shule ya msingi: tano mara mbili, mbili mara tano. Na kwenye sifuri kosa halionekani, maana huko mpangilio haujalishi.

"Mwalimu, si tunyamaze tu? Hakuna mtu ataona."

Kazi ya kufundisha niliyoahidiwa ilikuwa inangoja cheti.

"Mimi nimeona," alisema, akampigia simu mkuu wa idara kuahirisha. Nilitoka bila kumuaga, nimefura kama mtoto aliyenyimwa mandazi.

Kazi akapewa mwingine. Nilirudia hesabu miezi miwili, na ngazi zikatengana, moja juu, moja chini. Kumbe utamu wote ulikuwa katika kutengana huko, na mimi nilikuwa nimeufuta kwa herufi mbili. Niliona aibu, kisha nikacheka peke yangu kwa furaha.

Siku ya kutetea, mtahini aliuliza kwa nini nimechelewa. Kabla sijafungua mdomo, mwalimu alisimama mbele ya watahini aliowafundisha mwenyewe.

"Hiyo page nilisoma mara nne na nikasaini. Kosa ni yangu."

"Ni yangu," nikasema.

"Kaa chini, wewe."

Nikakaa. Sijawahi kumheshimu mtu namna ile.

Nilipita, na baadaye nikapata kazi Thika. Juzi nililetewa tasnifu ya mwanafunzi wangu wa kwanza. Nimeisoma mara nne. Leo naanza ya tano, kwa sauti, kidole kwenye karatasi.