Mfumo wa Zamani na Leso ya Njano

Wengine hujisifia mashamba na magari. Mimi najisifia kompyuta, tena kuukuu, na sioni haya.

Ilikuwa miaka ile ya amani, kabla ya kura ya Sudan Kusini kujitenga, Juba imejaa sisi Wakenya wa maofisini na Waganda wa biashara. Nilipanga chumba mtaa wa Hai Malakal kwa mama mmoja aliyewahi kuishi ukimbizini Uganda na kurudi na Kiswahili chake cha huko. Kompyuta yangu, yenye kioo kinene na tumbo nyuma, niliinunua kwa Mganda aliyekuwa akifunga saiba yake, duka la intaneti. Mfumo wake ulikuwa wa zamani na ulijivuta, lakini ndiyo iliyonionyesha uso wa mchumba wangu, mwalimu wa shule huko Nyeri. Alikuwa mtu wa kusubiri, maskini. Hata enzi za uchumba wetu Nairobi nilikuwa nachelewa, na nilikuwa namkuta kituoni amesimama, mguu mmoja umepanda juu ya mwenzake.

Sherehe ya kumaliza mambo ya ndoa iliahirishwa mara mbili, zote kwa sababu yangu. Mara ya tatu pasipoti yangu ilikuwa imeingia ofisi ya uhamiaji kutafutiwa viza, na haikutoka. Mjomba wake, msemaji wa ukoo, hakutaka tena kusikia neno kuahirisha. Mchumba wangu naye alikuwa amekwisha kuacha kazi ili anifuate. Baada ya kubembelezwa sana, mjomba alikubali wazee wangu waende bila mimi, nami nionekane kwenye kompyuta. Ila alitoa sharti.

Kwetu bwana harusi huletewa wanawake waliofunikwa leso gubigubi, amtambue wake. Mashangazi ni wajanja, na mara nyingi kundi la kwanza halina bibi harusi kabisa. Siku za kawaida ukikosea unatozwa faini, watu wanacheka, unajaribu tena. Mimi, mjomba alisema, nikikosea shughuli itasimama hadi nifike kwa miguu yangu, kwa maana atajuaje kama bado namkumbuka mtoto wao? Nilikasirika kweli. Lakini mjomba wa mchumba hajibiwi. Unameza na kushukuru.

Jumamosi ya kabla ya sherehe akaja rafiki yangu, Mkenya mwenzangu na fundi wa kompyuta pale kazini kwetu, na sidii ya mfumo mpya mkononi. Alisema mashine yangu ingeniaibisha. Hapo hakusema uongo. Kila nilipompigia mchumba wangu sauti ilikwenda vizuri, lakini picha iliganda, ikakaa, kisha ikaruka mbele ghafla. Kwa mfumo mpya, aliapa, wanawake wale wangepita mbele yangu kama nimekaa nao uani. Ubaya ni kwamba kazi ile ingechukua mchana mzima, na jenereta ikizimika katikati, kompyuta ingeweza isiamke tena.

Akaweka sidii, akabonyeza hapa na pale, kioo kikauliza kama tuendelee. Nje jenereta ikaanza kukohoa, naye akatoka mbio kuiongezea petroli. Nikabaki peke yangu na lile swali. Nilitamani picha safi kuliko chakula. Ningekosea, mchumba wangu angebaki kwao bila kazi na bila mume, akisubiri vilevile. Ningeharibu mashine, nisingekuwa hata na pa kukosea.

Mama mwenye nyumba aliingia kuchukua simu yake iliyokuwa ikichajiwa, akauliza mbona nimekunja uso. Nikamweleza. Akaitazama kompyuta, akanitazama mimi.

"Mtoto yangu, hii ya zamani wewe najua ugonjwa yake," alisema. "Hiyo mpya, nani najua ugonjwa yake?"

Nilikuwa nikiujua kweli. Nilijua itaganda lini, itaganduka lini, na ni wapi pa kupiga kofi ubavuni. Nikabonyeza hapana, nikatoa sidii. Rafiki yangu aliporudi ananuka petroli, alisikitika kwanza, kisha akanicheka.

"Buda, utaoa shangazi," akasema.

Siku yenyewe alikuja hata hivyo, akakaa karibu ili asikose aibu yangu. Mama mwenye nyumba naye alileta kiti na majirani zake wawili. Huko Nyeri kaka wa bibi harusi alishika kompyuta ndogo yenye kamera na kuizungusha uani. Wakaletwa wanawake wanne waliofunikwa. Nikawatazama, nikatazama chini ya leso, miguu yote imekaa chini imara. Rafiki yangu alinong'ona nichague yule mrefu.

"Hayupo hapo," nikasema.

Vigelegele vikalipuka. Kundi la pili likaingia, wazee wakaanza kubishana kwa mzaha, wakiwaacha wanawake wa watu wamesimama. Mara nyimbo zikaanza. Nilisikia vishindo, mashangazi wakiwazungusha wenye leso ili kunichanganya, na kwa picha safi ya rafiki yangu ningeona vitambaa vikizunguka mpaka nipate kizunguzungu.

Lakini mimi sikuona ngoma yoyote. Picha yangu ilikuwa imeganda kabla haijaanza, na pale kwenye kioo walikuwa bado wamesimama, wametulia, wangu peke yangu. Rafiki yangu akaguna na kuinua mkono aipige kompyuta kofi. Nikaudaka mkono wake hewani. Chini ya leso ya njano yenye michoro ya korosho nyekundu, mguu mmoja ulikuwa umepanda juu ya mwenzake.

Mjomba akauliza, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kushinda, kama kijana ameona mke wake au amelala.

"Leso ya njano, yenye korosho," nikasema. "Na mwambieni nimefika."

Zikaja kelele ambazo zilikwaruza spika zangu. Picha ikaruka. Leso ilikuwa mabegani, naye alikuwa akicheka na kulia pamoja, na mjomba nyuma yake anapiga makofi kama mtoto. Mama mwenye nyumba alisimama akacheza palepale. Nilimgeukia rafiki yangu na kumtazama kwa muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu. Nilikuwa na furaha ya kumpasua mtu.

Pasipoti yangu ilipotoka nilikwenda mwenyewe kumchukua mke wangu Nyeri, nikamleta Juba. Jambo la kwanza aliloliona chumbani ni lile zee la kompyuta, na jioni ileile akaniuliza kwa nini siweki mfumo mpya kama watu wengine. Nikamwita rafiki yangu na sidii yake, nikamwambia aweke tu. Sikuwa tena na mtu wa kumtafuta.