Alama Kwenye Paji la Danieli

Naanza kwa kukiri, maana hapa Voi habari haitembei kwa miguu, hupanda treni: mimi ndiye yule mwalimu wa Kemia aliyembandika mtoto mchanga chuchu kwenye paji la uso, kanisani, siku ya ubatizo wake, mbele ya mchungaji, kwaya na wakwe. Majuzi nilisikia kisa hiki kikisimuliwa kwenye foleni ya duka la dawa na mtu asiyenijua, naye alikiharibu kabisa (alisema walikuwa mapacha), kwa hiyo nimeona heri nikisimulie mwenyewe.

Mwaka mmoja na ushei kabla ya siku hiyo nilikatwa titi la kushoto kwa ajili ya saratani, kisha madaktari wakanijengea jingine kwa nyama ya tumbo langu (niliitoa kwa moyo mweupe, ilikuwa ya ziada). Walifanya kazi safi, nami sikuwa mtu wa kujionea huruma, ila kila nikisimama mbele ya kioo niliona titi lisilo na chuchu, laini kama yai, likinitazama bila kunitambua. Ndipo nikasikia kuna mafundi wa tatuu wanaochora chuchu na duara lake kwa wino, na kivuli chake na vijinundu vyake, hata ukiitazama unaapa imejitokeza, kumbe ngozi ni bapa. Nilimpata mmoja Mombasa, mwanamke mpole mwenye jicho kali. Kabla ya sindano alinipa picha mbili za kujaribia, namba mbili na namba nne, nizivae nyumbani kwa zamu niamue ni rangi ipi inaoana na titi la kulia. Zilikuwa kama zile picha tulizokuwa tukizipata kwenye chingamu utotoni: unaweka ngozini, unalowesha mgongo wa karatasi, unabonyeza kidogo, unabandua. Akanionya nisiondoe plastiki ya juu mpaka nikiwa tayari.

Haya yote niliyaficha. Shuleni na kanisani nilisema nimekuwa kwenye likizo ya masomo, na ukweli niliujua mimi na Mghoi, rafiki yangu wa kwaya. Sikuficha kwa aibu tu. Mama yangu alikufa kwa ugonjwa huohuo, na Wakesho, binti wa kaka yangu, ameolewa Kasigau kwa Mama Mwadime, mama mkwe ambaye tayari alikuwa amesikia minong'ono kwamba wasichana wa kwetu "wana kitu". Wakesho aliponichagua niwe mama wa ubatizo wa mwanawe, Danieli, Mama Mwadime alisema waziwazi kwamba msimamizi alipaswa kutoka upande wao. Kwa hiyo nilijiambia kwamba siri yangu ni mwavuli wa Wakesho, na nitaubeba kimya.

Jumapili hiyo asubuhi niliamua jambo dogo sana. Namba mbili nilikwisha kuijaribu. Nilitaka Mghoi aione namba nne baada ya ibada aniambie maoni yake. Nikaibandua plastiki ili rangi ionekane vizuri juani (fundi alinikataza, lakini mwenye shahada ya sayansi haambiwi na fundi), nikaiweka ndani ya mkunjo wa kitambaa changu cheupe, kitambaa nikakitia ndani ya kitabu cha nyimbo, nikaenda kanisani nikiwa nimejipamba na kujiamini kama mkaguzi wa shule.

Wakwe walichelewa. Ndovu walikuwa wameingia kwenye mahindi yao alfajiri, na watu waliokesha wakipiga mabati hawakumbuki kila kitu, kwa hiyo tulipofika mbele kwenye beseni la ubatizo Wakesho alininong'oneza kwa hofu, "Shangazi, kitambaa cha kumpangusa mtoto kimebaki kwenye kamba!"

"Usijali," nikamwambia, "shangazi yako hakosi kitu."

Nikakichomoa kitambaa kwenye kitabu bila hata kukitazama, nisijue kwamba picha imechungulia nje ya mkunjo, macho yangu yakiwa kwa mpiga picha. Mchungaji akammwagia Danieli maji mara tatu, Danieli akapiga yowe, nami, kama ilivyo desturi yetu, nikamkandamizia kitambaa kwenye paji la uso. Hapo mchungaji akaanza kuomba. Mchungaji wetu akiomba huombea mvua, barabara, mitihani na serikali ya kaunti, na muda wote huo nilikibonyeza kile kitambaa kilicholowa kwa upendo mwingi, sawasawa na maelekezo ya fundi.

Baada ya amina, mtoto huinuliwa juu aonyeshwe washarika. Mchungaji akamwinua. Makofi yakaanza, yakapungua, yakafa. Katikati ya paji la Danieli palikuwa na duara la kahawia, lenye kivuli na vijinundu, na kitovu chake kikisimama kwa heshima zake zote.

"Ni choa," akasema mzee mmoja wa kwaya.

"Choa gani ya dakika mbili?"

"Nyie msinichekeshe," ikaja sauti ya Mama Saru kutoka benchi la mbele, "mimi nimenyonyesha saba, hicho nakijua."

Mghoi alikuwa amejifunika uso kwa kitabu cha nyimbo, mabega yakimtetemeka. Mimi, badala ya kusema kweli pale pale ikaisha, nikasema, "Ni wino wa kitabu, Mchungaji, utatoka," nikaanza kusugua. Mchungaji akanisaidia kwa kuongeza maji, na kadiri alivyoongeza ndivyo ile picha ilivyoshika na kung'aa. Ni mafuta yanayoiondoa, hilo nililijua vizuri, lakini kutaja mafuta kungekuwa kukiri kwamba naijua, basi nikasugua kwa maji kama mwanafunzi aliyefeli.

Mama Mwadime akasimama. "Wino gani una chuchu? Hiyo ni alama! Nilisema mimi, nilisema msimamizi atoke kwetu! Watu hawa wana kitu, na sasa kimehamia kwa mjukuu wangu." Akamnyang'anya mchungaji mtoto. Wakesho akanyoosha mikono, naye akampa mgongo. "Wewe kaa mbali kwanza. Mchungaji, likemee jambo hili."

Mchungaji akainua mkono. Nikamtazama Wakesho, amesimama na mikono mitupu mbele ya watu wote, maziwa yameanza kumlowesha blauzi kwa kilio cha mwanawe, nikaona kwamba ule mwavuli niliojisifia kuubeba ulikuwa unanifunika mimi peke yangu.

"Mchungaji, usiikemee," nikasema. "Hiyo ni yangu."

Nikaendelea kwa sauti yangu ya darasani, maana ndiyo pekee niliyokuwa nayo: kwamba sikuwa masomoni, kwamba titi langu la kushoto lilikatwa na hili mnaloliona nimejengewa, kwamba halina chuchu na nitachorwa, na kwamba iliyo kwenye paji la Danieli ilikuwa ya majaribio. "Wakesho hakujua lolote. Na ugonjwa wangu haushikwi kwa kitambaa. Tafadhali, nani ana mafuta?"

Hakuna aliyecheka. Kisha Mama Saru akauliza, kwa dhati kabisa, "Na ipo nyingine, au ndiyo hiyo tu?" Hapo kanisa lote likapasuka, mchungaji akalazimika kuinama nyuma ya mimbari, nami nikacheka mpaka kidonda changu kilichopona zamani kikaniuma.

Mama Mwadime hakucheka. Alifungua mkoba, akatoa chupa ya mafuta ya mtoto, akampangusa Danieli taratibu mpaka paji likawa safi. Kisha akamgeukia Wakesho akamrudishia mwanawe. "Mnyonyeshe," akasema, "analia njaa." Kwangu hakusema neno mpaka tulipokuwa tukila pilau nje, akaja akaketi kando yangu, akanitazama kifua bila kuficha.

"Mwalimu, ile ni nyeusi mno kwako."

"Ipo namba mbili, mama. Haijakoza sana."

"Basi namba mbili. Na safari hiyo usiende peke yako."

Siku ya sindano alishuka kutoka Kasigau tukapanda treni pamoja, akakaa kwa fundi na mkoba mapajani, akimwamuru yule mwanamke mwenye jicho kali: "Shusha kidogo, binti yangu. Ya mtu mzima haikai huko juu." Fundi akashusha. Mama Mwadime alikuwa amesema kweli.

Nimeapa kutompangusa tena mtu yeyote uso kwa kitambaa ambacho sijakikunjua, na kutomfunika mtu kwa mwavuli kabla sijatazama nani analowa. Picha ya ubatizo iko sebuleni kwa Wakesho. Mpiga picha alijitolea kuifuta ile alama, Mama Mwadime akamkataza. Wageni wakiuliza ni nini kile kwenye paji la Danieli, yeye ndiye huwajibu, "Ni ya mama yake wa ubatizo," kisha huwaongezea chai.