Sabuni Yangu Nyekundu na Mgongo wa Akida

Habari hii sijawahi kuisimulia mpaka mwisho bila kujifunika uso kwa ushungi, na hata leo msinitazame sana, nyie sikilizeni tu. Mimi Zaina, mnayeniona nimetulia hapa na miche yangu ya sabuni, niliwahi kuwafanya askari wa Mdachi washike bunduki mchana kweupe, mbele ya boma la Dodoma, kwa sababu ya sabuni. Sabuni, jamani!

Ilikuwa siku zile reli ndiyo kwanza imefika. Nilitoka kwetu Kondoa na mume wangu, yeye akapata kazi ya kulaza mataruma, mimi nikaona siwezi kukaa kambini kutwa nzima nikitazama vumbi, nikaanza kupika sabuni kama bibi alivyonifundisha: mafuta ya mkia wa kondoo, mafuta ya nyonyo, na maji ya majivu yaliyochujwa mpaka yanauma ulimi. Ilikuwa inatakatisha, hilo hakuna aliyebisha. Ila sura yake! Ya kijivu, ina mabonge, wanawake wakiishika wananiuliza kwanza kama ni ya kufulia au ya kuzibia ukuta. Na kule dukani kwa Mhindi kulikuwa na sabuni ya Ulaya, nyekundu, laini, mtu akipita anaigusa tu, kisha ananusa kidole na kwenda zake.

Sasa mimi nina ugonjwa mmoja, kutaka kujua. Wekundu ule unatoka wapi? Nikamuuliza Mhindi, akanijibu unatoka Ulaya (jibu gani hilo?). Nikakaa na swali langu hadi siku moja sokoni nikawaona Wagogo wanauza udongo mwekundu, ule ambao vijana wao wanauchanganya na samli wakajipaka nywele na mwili, wakapita wanang'aa. Nikasimama pale pale. Nikajiambia, udongo huu unakubaliana na mafuta, na sabuni nayo ni mafuta, basi kuna ubaya gani? Nikatia konzi moja chunguni, ikapendeza; nikatia la pili, ikapendeza zaidi; la tatu nililitia kwa tamaa tu.

Na msiseme sikuijaribu. Niliijaribu! Nilifulia kaniki yangu, ikatoka safi kabisa. (Kaniki nyeusi tii. Ndiyo, chekeni.)

Mtu wa kwanza kuinunua alikuwa Mzee Feruzi, dobi aliyekuja kutoka pwani, mpole, ndiye aliyewafulia wakubwa wote wa boma.

"Binti yangu, hii ya Ulaya umeipata wapi?"

"Nimeipika mwenyewe, baba."

"Wewe! Hebu nipe miche mitatu. Bwana Shauri ana baraza keshokutwa, na akida anataka kanzu yake ing'ae."

Bwana Shauri ndiye yule Mdachi mkuu wa boma, na akida alikuwa mtu wake wa kutusimamia sisi. Nikampa mzee miche minne badala ya mitatu, kwa furaha.

Maji ya Dodoma mnayajua, hayatoshi hata ya kunywa, kwa hiyo Mzee Feruzi alisuuza mara moja tu, akatia wanga, akapiga pasi. Kanzu ilipokauka ilikuwa na ukungu kidogo wa rangi ya maziwa ya moto, akida akadhani ndiyo mng'ao wenyewe, akaivaa.

Siku ya baraza nilitangulia mapema, nikasimama na majirani zangu, na kila aliyenisogelea nikamwambia, "Mnaiona kanzu ile? Ile ni kazi ya sabuni yangu." Nadhani niliwaambia watu kumi na watano. Jua likapanda. Akida amesimama juani anasoma amri za kodi, jasho linamtiririka, na taratibu, katikati ya mgongo, pakatokea doa jekundu. Likashuka. Likatanuka. Makwapani nako kukawa kwekundu.

Mwanamke mmoja akapiga ukelele: "Akida anatoka damu! Kapigwa mkuki!"

Jamani. Askari wakakoki bunduki, watu wakalala chini, ng'ombe walioletwa kwa ajili ya kodi wakakata kamba na kupita katikati ya baraza, meza ya Bwana Shauri ikaenda upande wake na makaratasi upande wake. Akida mwenyewe alijipapasa mgongo, akatazama kiganja, akaketi chini polepole na kusema, "Nimekufa." Askari wakamchania kanzu watafute jeraha. Hakuna jeraha. Mgongo mzima, salama, mwekundu kama paa la stesheni.

Bwana Shauri akanusa kile kitambaa, akauliza nani kafua, na Mzee Feruzi akavutwa mbele. Hamsa ishirini! Viboko ishirini na vitano kwa mtu mwenye mvi. Wakamlaza. Mzee akageuza kichwa, akanitazama mimi, na hakusema neno. Majirani zangu kumi na watano nao wakanitazama.

Nilitamani kukimbia, nawaambia ukweli. Miguu ikaenda mbele.

"Ni mimi, bwana. Sabuni ni yangu. Nilitia udongo."

Mkalimani wa Bwana Shauri hakuamini, akasema sabuni haiwezi kuwa udongo, nithibitishe. Ndoo ikaletwa. Nikafungua pindo la nguo nilikofunga kipande changu cha maringo, nikanawa uso mbele ya boma zima, na nilipoinua kichwa, uso mwekundu tele, vijana wa Kigogo waliokuja barazani walicheka mpaka wakakaa chini. Mmoja akaja akanipitishia kidole shavuni, akakinusa, akauliza, "Mama, hii unauza?" (Ndio walioimaliza yote baadaye, wakajipaka wakaenda ngomani.) Bwana Shauri akauliza nilitia makonzi mangapi. Nikamwambia matatu. Akatikisa kichwa, akaamuru mzee aachiwe, na mimi nifue nguo za boma mwezi mzima, kwa ile ya kijivu.

Jioni ile nilikwenda kwa Mzee Feruzi kuomba radhi, uso bado mwekundu. "Baba, kwa nini hukunitaja?"

Akasema, "Nilitaka kujua kama utajitaja mwenyewe."

Nimekuwa mfanyabiashara tangu siku hiyo, si kabla yake. Na sitauza tena kitu nilichokijaribu kwenye nguo yangu tu. Naomba kwanza nguo ya mnunuzi, iliyo nyeupe kuliko zote alizonazo, naifua yeye akitazama.